Krigingi haikatai kodineti mbovu: niliyojifunza kwenye mikorosho ya Mtwara

Krigingi ni hesabu ya kukadiria sehemu ambazo hukuzipima kutokana na zile ulizopima. Ukiipa namba, itakuchorea ramani. Haitakuuliza namba zimetoka wapi, nani alizisoma, wala kama shamba liko kweli pale ulipoliweka. Itapaka rangi zinazofuatana vizuri kutoka Nanyamba hadi Newala, na kila atakayeiona ataamini. Ndiyo maana mimi, ninayetengeneza ramani za udongo huku Mtwara, muda wangu mwingi siku hizi unaishia kwenye kodineti, zile namba zinazoonyesha kila shamba liko wapi, kabla sijaigusa krigingi yenyewe.

Kazi yetu ni kukadiria uchachu wa udongo, yaani pH, kwenye mashamba ya korosho ya Tandahimba, Newala, Nanyamba na Masasi. Wakulima hupulizia salfa ya unga kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Salfa inayodondoka chini hugeuzwa na bakteria wa udongo kuwa asidi, na kichanga cha uwanda wa Makonde hakina nguvu ya kuihimili. Msimu hadi msimu pH inashuka, maana yake uchachu unazidi. Mkulima akishauriwa kuweka chokaa ili kupunguza uchachu, fedha inatoka mfukoni mwake, kwenye mauzo ya msimu mmoja yanayotakiwa yalipe ada za shule, dawa na chakula hadi msimu ujao. Ramani ikisema shamba lake ni chachu wakati chachu ni la jirani aliye ng'ambo ya korongo, hasara ni yake. Hilo silisahau ninapokaa mbele ya kompyuta.

Huwezi kupima kila shamba. Unachukua udongo sehemu ulizozichagua, maabara inakupa namba, na katikati ya sehemu hizo unakadiria. Krigingi imepewa jina la Danie Krige, mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini, ambaye mwaka 1951 aliandika tasnifu yake kuhusu namna ya kukadiria dhahabu ya Witwatersrand kutokana na sampuli chache. Baadaye Mfaransa Georges Matheron akaipa njia hiyo msingi wa kihisabati. Wazo lake ni jepesi: sehemu zilizo karibu hufanana kuliko zilizo mbali. Unachukua jozi za sampuli, unaangalia zinatofautiana kiasi gani kwa kila umbali, unachora grafu. Grafu hiyo ndiyo variogramu. Inaanzia chini, inapanda, kisha inatulia. Pale inapoanzia, karibu na umbali wa sifuri, panaitwa nageti. Umbali ambao grafu inatulia huitwa masafa, na ukishayapita masafa, sampuli mbili hazijuani tena.

Kwa hiyo kila kitu kimesimama juu ya umbali, na umbali unatoka kwenye kodineti.

Msimu mmoja tulikuwa na timu mbili shambani. Moja ilitumia simu. Nyingine ilipewa kipokezi cha GPS cha mkononi, cha siku nyingi, ambacho mtu fulani alikuwa amekiweka kwenye datumu (msingi ambao kodineti hupimwa juu yake) ya Arc 1960 ili namba zake zilingane na ramani za karatasi za 1:50,000. Hakuwa amekosea, ramani hizo za zamani za Tanzania zilichorwa kwa Arc 1960 kweli, juu ya umbo la dunia la Clarke 1880. Simu zinatumia datumu nyingine, WGS 84. Namba zote zilikuja zimeandikwa kwa mita za UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda, kanda ya 37 kusini, na zote zilionekana za kawaida kabisa. Mtwara mjini iko karibu na mita 629,000 mashariki na 8,865,000 kaskazini, kwa hiyo ukiona namba za ukubwa huo unaridhika. Fomu haikuwa na sehemu ya kuandika datumu. Zikaunganishwa kwenye jedwali moja.

Huku kusini, ukiichukua namba ya UTM ya Arc 1960 ukaiita WGS 84, shamba linahama kama mita 300 kwenda kaskazini na kama mita 100 kwenda magharibi. Kwenye karatasi ya 1:50,000 hiyo ni milimita sita hivi. Mtu anayetazama ramani ya mkoa mzima hawezi kuiona. Lakini ukingo wa uwanda wa Makonde upande wa Newala, unaotazama bonde la mto Ruvuma, haungoji mita 300: hatua chache tu unatoka kwenye tambarare ya juu unaingia mteremkoni.

Aliyetufungua macho ni bibi mmoja mwenye shamba chini ya ukingo huo. Nilimwonyesha kwenye simu nukta ya shamba lake juu ya picha ya setilaiti.

"Mwanangu, hapo ni juu, njia ya kwenda mjini," akasema. "Mimi niko huku bondeni. Maji ya juu yote yanashukia kwangu."

"Labda picha ni ya zamani, bibi?"

"Picha ya zamani, na mlima nao ulikuwa kwingine?"

Tulirudi tukachukua mashamba ambayo timu zote mbili zilikuwa zimeyapima. Tofauti ilikuwa ileile kila shamba: mwelekeo mmoja, umbali mmoja. Hii ni dalili ya kuishika sana. Simu ikikosea kwa sababu ya majani ya mikorosho kuziba anga, nukta hutawanyika huku na huku. Nukta zikihama zote upande mmoja kwa kipimo kimoja, tafuta datumu.

Nilichojifunza zaidi hapo ni kwamba variogramu peke yake isingetuambia. Kama data zote zingekuwa za kile kipokezi, zingehama pamoja, umbali kati yao ungebaki uleule, na variogramu ingetoka safi. Kosa lingejitokeza pale tu unapoziweka juu ya kitu kingine: mwinuko wa ardhi, mipaka ya vijiji, picha ya angani. Kwetu zilikuwa zimechanganyika, hivyo nageti ilipanda, kwa kuwa sampuli mbili za shamba moja zilionekana kama za mashamba mawili na sampuli za mashamba mawili tofauti zilionekana zimekaa pamoja. Nageti ikipanda, wengi hulaumu maabara au husema udongo wa huku una vurugu. Kabla ya kuulaumu udongo, kagua nukta. Tulipozibadilisha data za kipokezi kutoka mfumo wenye namba 21037 (UTM ya Arc 1960) kwenda 32737 (UTM ya WGS 84), nageti ilishuka wazi.

Kuna tahadhari kwa wanaoandika mfumo wa kodineti kwa mkono kwenye skripti. Ukitaja Clarke 1880 peke yake bila vipimo vya kuhamisha datumu, programu inaweza kubadilisha umbo la dunia na kuacha mhamo wenyewe, na hitilafu haiondoki. Mhamo wa wastani unaotumika kwa Kenya na Tanzania ni mita −160, −6 na −302 kwenye mihimili mitatu. Namba hizo nimezibandika ukutani.

Namba za mifumo nazo zina mitego yake. 32737 ni UTM kanda ya 37 kusini. 32637 ni kanda hiyohiyo upande wa kaskazini. Ni tarakimu moja tu. Kusini ya ikweta namba ya kaskazini huanza na milioni kumi na kupungua kadiri unavyoshuka, ndiyo maana Mtwara ina milioni nane na ushei. Ukiisoma namba hiyo kwa kanda ya kaskazini, Tandahimba inaenda kukaa kwenye Bahari ya Aktiki, karibu na visiwa vya Franz Josef Land. Na krigingi inafanya kazi bila lalamiko lolote, kwa sababu umbali kati ya nukta haukubadilika. Kijana mmoja tuliyekuwa naye alipata ramani yake nzuri kabisa, ila mipaka ya wilaya ilikataa kutokea nyuma yake. Alidhani faili la mipaka limeharibika. Faili lilikuwa zima. Mikorosho ndiyo iliyokuwa kwenye barafu.

Kwa hiyo hatua yangu ya kwanza, kabla ya hesabu yoyote, ni kuzitazama nukta juu ya ramani ya dunia nzima, hata kama mradi ni wa kata moja. Mahali nukta zilipoangukia panakueleza kosa. Zikiwa Ethiopia, alama ya kutoa mbele ya latitudo imeanguka mahali fulani, mara nyingi kwenye Excel. Zikiwa Atlantiki, magharibi ya Ureno, latitudo na longitudo zimebadilishana nafasi. Zikiwa Ghuba ya Guinea, pale sifuri na sifuri zinapokutana, kuna fomu zilizorudi bila kodineti na programu imejaza sifuri. Nazo data za mkoa wa Ruvuma zina kosa lake la pekee. Tunduru iko kanda ya 37, lakini Songea iko ng'ambo ya longitudo 36, kwenye kanda ya 36. Mtu akiunganisha mita za kanda mbili bila kuzibadilisha, Songea, ambayo ni magharibi ya Tunduru, inaruka hadi baharini mashariki ya Mtwara. Hiyo angalau inaonekana haraka.

Kosa linalonisumbua zaidi ni la kufanya krigingi kwa digrii, kwa sababu huku kwetu linajificha. Nchi za kaskazini, kwenye latitudo 60, digrii moja ya longitudo ni nusu ya digrii ya latitudo. Ukichukulia digrii kama mita, ramani inavutika na macho yanakataa. Latitudo 10, digrii ya longitudo ina kilomita 109.6 na ya latitudo 110.6. Karibu zinalingana. Ramani haipindi, variogramu inapanda na kutulia kama kawaida, na mtu anaondoka akiamini kila kitu ni sawa.

Madhara yanakuja kwenye vipimo. Masafa yanaandikwa 0.2 na hakuna anayeuliza 0.2 ya nini. Hapa ni kilomita 22 hivi. Wanaotumia programu ya R na kifurushi chake cha krigingi, gstat, wana jambo la kuongeza: ukikiambia kwamba data ni za longitudo na latitudo, kinapima umbali kwa kilomita juu ya mviringo wa dunia, usipokiambia, kinachukua digrii kama zilivyo. Watu wawili wenye data ileile watapata masafa 0.2 na 22, na wote wawili hawakuona ujumbe wowote wa kosa. Nimeona ripoti ambayo masafa yalichukuliwa kwa mtu mmoja na gridi, yaani ile miraba ya ramani inayojazwa makadirio, kwa mwingine. Gridi ilikuwa ya mita, masafa yakaandikwa 22 kwa maana ya kilomita, programu ikaelewa mita 22. Ramani iliyotoka ilikuwa na rangi moja mkoa mzima, na kidoa kidogo penye kila sampuli. Ukiona ramani ya namna hiyo, usibadilishe rangi wala usiongeze sampuli. Linganisha kipimo cha masafa na kipimo cha kodineti.

Kinyume chake pia kipo: mtu anaandika eneo la kutafutia majirani 5,000 akifikiria mita, kumbe kodineti ni digrii. Kila nukta inakuwa jirani ya kila nukta, kompyuta inaganda, naye analaumu kompyuta.

Na hapa niseme kuhusu vitufe viwili ambavyo vinaponza watu wengi, kwenye programu ya ramani ya QGIS na kwenye R vilevile. Kimoja kinaiambia programu data ziko kwenye mfumo gani. Kingine kinazibadilisha kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Kwenye kifurushi cha sf cha R ni st_set_crs na st_transform. Ukitumia cha kwanza mahali pa cha pili, namba hazijabadilika hata kidogo. Umebadilisha jina lake tu. Njia yangu ya kukagua ni kusoma kodineti ya nukta moja kabla na baada. Ilikuwa 40.18, sasa inatakiwa iwe laki sita na kitu. Ikibaki 40.18 wakati mfumo unasomeka UTM, hakuna kilichofanyika.

Baada ya hayo ndipo unakutana na ujumbe unaosema matriksi, lile jedwali la namba ambalo krigingi inalitatua, haigeuziki, na ramani inatoka tupu. Sababu ya kawaida ni nukta mbili au zaidi zenye kodineti zilezile kabisa. Kwetu tulizipata kwa njia mbili. Moja ni kuzungusha namba: latitudo yenye tarakimu mbili baada ya nukta ya desimali ina ulegevu wa zaidi ya kilomita moja, kwa hiyo mashamba kadhaa yanaangukia sehemu moja. Ya pili ni mchukua data aliyesoma GPS mara moja akiwa ofisi ya kijiji, akaijaza kwa mashamba yote ya kijiji hicho. Mvua ilikuwa inanyesha na njia ya kichanga ilikuwa haipitiki hata kwa bodaboda; naelewa ilivyotokea.

Ushauri unaozunguka sana ni kuzisogeza nukta hizo kidogo kwa bahati nasibu ili matriksi ikubali. Siukubali. Ukifanya hivyo umeiambia hesabu kwamba mashamba ya watu kumi yamekaa mita chache kutoka mlango wa ofisi ya kijiji, na variogramu itajifunza uongo huo pale pale inapohitaji ukweli zaidi, kwenye umbali mfupi. Kama ni sampuli mbili za shamba moja kweli, chukua wastani. Kama ni mashamba tofauti, mpigie simu mwenyekiti wa kijiji, au nenda, au ziondoe. Tuliondoa nyingi. Iliuma, kwa sababu kila sampuli ina jasho la mtu na gharama ya maabara.

Kodineti zikishanyooka, ardhi yenyewe inaanza kusema. Variogramu yetu ya kwanza ya mkoa mzima haikutulia. Iliendelea kupanda hadi mwisho wa grafu. Hapo tatizo halikuwa kodineti. Uwanda wa Makonde ni mchanga na mawe ya mashapo. Ukishuka upande wa Masasi unaingia kwenye miamba ya kale, ile milima ya mawe iliyosimama peke yake, na udongo wake ni mwingine. Krigingi ya kawaida inadhani wastani ni mmoja katika eneo lote. Hapa haupo. Tulijaribu kuingiza mwinuko kama kisaidizi, ikasaidia, lakini kilichofaa zaidi ni kugawa eneo mara mbili na kila upande kupewa variogramu yake. Mzee yeyote wa Masasi aliyeoa Newala angekueleza mpaka huo uko wapi bila kompyuta, na tulimtumia mmoja wao kuuchora.

Kugawa kuna bei yake. Variogramu ya kuaminika inataka sampuli zisizopungua mia hivi, na upande wa Masasi tulikuwa chini ya hapo. Tuliandika hivyo kwenye ramani yenyewe, kwa herufi zinazosomeka.

Kitu kingine ni ile ramani ya pili inayotoka na krigingi, ya kiwango cha mashaka. Watu huiamini kupita kiasi. Hesabu yake inatokana na mpangilio wa nukta na variogramu uliyoichagua. pH zenyewe ulizopima hapo jirani haziingii. Ukiipa variogramu mbaya, itakuambia kwa utulivu kwamba mashaka ni madogo. Hata kujipima kwa kuficha sampuli moja moja na kuzikisia kunadanganya pale sampuli zilipochukuliwa kando ya barabara, kwa sababu kila iliyofichwa ina jirani yake hatua chache pembeni. Sisi sasa tunaficha kijiji kizima. Matokeo yanakuwa mabaya zaidi, nayo ndiyo ninayowapelekea maafisa ugani, maana mkulima wa kijiji ambacho hakikupimwa yuko katika hali hiyohiyo.

Ramani tuliyoikabidhi haina rangi kila mahali. Tulikata bahari, tukakata ng'ambo ya Ruvuma, na kila sehemu iliyo mbali na sampuli kuliko masafa tumeiacha nyeupe, kwa sababu huko krigingi inarudisha wastani tu ikiuvika sura ya makadirio. Wapo waliolalamika kwamba ramani ina matundu. Upande wa Nanyumbu karibu wote ni mweupe. Huko maafisa ugani wameelekezwa wasitoe ushauri wa chokaa kwa kutazama ramani. Wachukue udongo wa shamba husika, na fomu mpya ina mstari wa datumu juu kabisa, kabla ya jina la kijiji.